Karatasi Isiyo na S

Wanangu mnaoanza kazi hii ya labo, nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikinyamaza wapo wengine hapa Bukavu watakaowasimulia, tena wataongeza chumvi. Mimi ndiye Maman Labo. Jina langu la ubatizo ni Espérance, lakini ukiliulizia mtaani kwetu Kadutu utazunguka mpaka viatu viishe soli. Uliza Maman Labo, utaletwa mpaka mlangoni. Nimekaa miaka mingi nikichungulia damu za watu ndani ya hadubini, kazi ambayo mama yangu hakuielewa mpaka alipoondoka duniani. Aliwaambia jirani zake: "Mutoto yangu anatumika ku labo, anaangaliaka mu tundu." Hakukosea sana.

Kosa lenyewe lina jina la mtu. Anaitwa Nabintu. Nitafika kwake, msiwe na haraka. Kwanza lazima mjue tulivyokuwa tukifanya kazi, la sivyo mtanihukumu mbio mbio, kama nilivyomhukumu yeye.

Kituo chetu cha afya kilikuwa pale ambapo njia ya kutoka milimani inaingia mjini. Labo, yaani maabara yetu, ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja la kuelekea mashariki na mlango mmoja usiotaka kufungwa. Mvua ilikuwa imevimbisha ubao wake. Unausukuma, unafunga, unageuka, umefunguka tena, kama mtoto anayetaka kusikia maongezi ya wakubwa. Na nje ya mlango, mita mbili tu, palikuwa na benchi la wagonjwa. Mkumbuke mlango huo.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Papa Birindwa, mwanaume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Hadubini yetu ya kwanza haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, unakigeuza mpaka kishike jua kutoka dirishani, basi mwanga unapanda. Nyinyi mnalalamika umeme ukikatika. Sisi tulikuwa tunakatiwa jua. Wingu likipita juu ya mji, labo nzima inasimama mikono kiunoni, na wagonjwa wanatukodolea macho wakidhani tumegoma.

Wiki yangu ya kwanza nilitandaza damu juu ya vioo vyangu, matone manene kama nilivyoelekezwa, nikaviweka dirishani vikauke, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, vioo vilikuwa safi kabisa. Nzi walikuwa wamekula damu ya watu kumi na wawili. Papa Birindwa hakunigombeza. Alivua miwani, akaipangusa, akasema: "Sawa. Sasa ita zile nzi, tuzipime." Tangu siku hiyo mpaka nastaafu, sijawahi kuacha kioo chenye damu bila kukifunika. Na nyinyi msiache. Nzi hawajabadilika.

Neno lake lingine lilikuwa hili: usiseme "hakuna" kabla hujatembea kioo kizima. Alinitaka nihesabu maeneo mia moja ndani ya tone moja, polepole, kabla ya kuandika kwamba mtu hana malaria. "'Hakuna' ni neno kubwa," alisema. "Ata mukubwa wa parokia hawezi kulisema bila kutafuta." Na mzee huyo huyo aliyesema hivyo ndiye aliyetufundisha herufi S.

S ilikuwa hivi. Mgonjwa akifika na homa, swali la kwanza lilikuwa moja: "Ulishukaka?" Maana yake, je, umeshuka kwenda bonde la Ruzizi, kule Luberizi kwenye mashamba ya mpunga, au Sange, au Uvira? Akisema ndiyo, tunaandika S, ya "shuka", kwenye karatasi yake, na karatasi inakaa juu ya fungu. Akisema hapana, hakuna S, na karatasi inakwenda chini. Tukipata muda, tunaiangalia. Jua likituacha, basi, mgonjwa anapewa dawa ya homa na maneno mazuri.

Msituone wajinga. Swali lilikuwa na akili yake. Bondeni kuna joto na maji yaliyolala mashambani, na mbu wa malaria wanaona kule ndiyo mbinguni. Huku milimani kulikuwa na baridi. Papa Birindwa alinieleza kwa mfano wa maharage. Ugonjwa ukiingia tumboni mwa mbu hauwi tayari siku hiyo hiyo. Unahitaji siku za kuiva, na moto wake ni joto la hewa. Bondeni moto ni mkali, maharage yanaiva upesi. Milimani moto ni hafifu, na mbu anakufa kabla sufuria haijachemka. Kwa hiyo mtu wa milimani aliye na malaria lazima aliila bondeni, ambako imeshapikwa. Mnaona? Ilikuwa sayansi safi. Tulisahau kitu kimoja tu, kwamba moto unaweza kuongezwa.

Tena S ilitufurahisha sana. Siku moja alikuja fundi cherehani mmoja mnene, anatetemeka, na mke wake anamshika mkono kwa mapenzi. Papa Birindwa akauliza: "Ulishukaka?"

"Hapana, Papa," fundi akajibu. "Nilikuwa ku kilio ya tonton, ndugu ya baba, ku milima ya Walungu."

Kwa kuwa siku hiyo jua lilikuwa zuri, tukamwangalia hata bila S. Malaria tele. Papa Birindwa akavua miwani. "Ndugu yangu," akasema, "kilio ya tonton yako ilikuwa na mbu mingi." Mlango, kama kawaida yake, ulikuwa umeshafunguka. Mke alisikia. Baada ya siku chache mji mzima ulijua kwamba fundi alikuwa na nyumba ya pili Sange, yenye mapazia aliyoshona kwa mkono wake mwenyewe. Tulicheka mwaka mzima. Na watu wakaanza kusema kwamba damu haiwezi kuficha mahali ulipolala. Labo yetu ikawa na sifa ya hakimu. Nami nilipenda sifa hiyo kuliko mshahara, ambao kwa kweli haukuwa mshindani mkubwa.

Sasa tufike kwa Nabintu.

Hii haikuwa zamani sana; wakati huo tulikuwa tumeshapata hadubini ya taa, na ile ya kioo ilikuwa inapumzika kabatini. Papa Birindwa alikuwa amezeeka, anakuja nusu siku tu kutusahihisha. Nabintu alikuwa mke mpya, mwaka wa pili wa ndoa, mkimya, anatoka kwenye mlima ulio mwendo wa saa tatu kwa miguu juu ya mji. Alifika asubuhi na homa na kichwa kinamgonga.

"Ulishukaka?" nikamuuliza.

"Hapana, Maman. Miye siyashukaka ata siku moja. Kutoka kwetu nakuya hapa Bukavu, narudia."

"Basi ni baridi. Vaa pull ya sufu, kunywa chai ya moto."

Karatasi yake, isiyo na S, ikaenda chini ya fungu. Jioni nilipoifikia, umeme ulikatika. Nikasema kesho, na kesho ikaja na fungu lake jipya. Yeye alikuwa ameshapanda mlima wake na vidonge vya homa.

Siku ya tatu alirudi akiwa amebebwa na wanaume wanne kwenye kipoyi cha mianzi. Mume wake, Bahati, alikuwa mbele, matope mpaka magotini. Nabintu alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo. Alimwita muuguzi wetu kwa jina la bibi yake aliyezikwa. Nilichukua damu, nikaiangalia, na sikuhitaji maeneo mia. La kwanza tu lilitosha. Vimelea vilikuwa vimebanana kama watu wa misa ya Krismasi.

Wanangu, mtu mwenye akili pale angesema: "Mungu wangu, nilimrudisha mgonjwa wa malaria nyumbani." Mimi sikusema hivyo. Nilishika kioo juu, nikapaza sauti yangu, na mnaijua sauti yangu:

"Kumbe ulishukaka! Ona hii damu! Hii ni ya Sange kabisa!"

Mlango ulikuwa wazi. Benchi lote lilisikia. Bahati alisikia.

Nabintu alitibiwa kwa sindano na serumu ya mshipani, akapona, ashukuriwe Mungu na vijana wa wodini. Siku ya kutoka alitembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka nje, akatafuta mtu wa kumpokea, akakosa. Bahati alikuwa ameondoka zamani. Kule mlimani habari ilimtangulia: labo imesema alishuka, na mwanamke anayeshuka kwa siri anashuka kwa nani? Alipofika, alikuta vitu vyake vimefungwa kwenye kitenge mlangoni. Akarudi kwa wazazi wake, upande wa pili wa mlima huo huo, na ukoo wa Bahati ukaanza kuuliza juu ya ng'ombe wa mahari.

Na mimi? Habari ilinifikia, nikatikisa kichwa, nikasema vijana wa siku hizi, nikaenda nyumbani nikala ugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, nikashiba vizuri. Nawaambia ili mjue. Kosa halikunyimi usingizi mpaka ulione.

Lilinionyesha sura yake wiki chache baadaye. Waliletwa wagonjwa wawili watatu kutoka mlima ule ule, na kati yao Koko mmoja, yaani bibi, mzee sana, aliyebebwa na binti zake. Nyonga yake ilivunjika zamani, na hakuwa ametoka uani kwake kwa miaka. Kwa kuwa siku hiyo fungu la karatasi lilikuwa fupi, nilimwangalia hata bila S. Nikatazama. Nikapangusa lenzi. Nikatazama tena: malaria. Nikamwita Papa Birindwa, naye akatazama mpaka chai yake ikapoa.

"Uliza kama alishukaka," akaninong'oneza.

Koko alikuwa na nyonga mbovu lakini masikio mazima. "Nishuke na miguu gani?" akajibu kutoka kwenye benchi. "Ya weye?"

Benchi likacheka. Sisi hatukucheka. Papa Birindwa aliketi chini, akavua miwani, na kwa mara ya kwanza hakuipangusa. "Espérance," akasema, "ule muke wa Bahati. Alisemaka nini?"

"Alisema hakushuka."

"Na sisi tukasema nini?"

Masikio yaliniwaka. Niliona haya kama mtu aliyekutwa anaiba kanisani. Nilikuwa nimempeleka mwanamke yule kwenye mlango wa kifo kwa kukataa kuangalia, na alipookoka nikamvunjia nyumba kwa kukataa kuamini nilichokiona. Papa Birindwa akafungua daftari la mwaka ule, akashusha kidole kwenye majina ya watu wa milimani tuliowarudisha na homa zao. Wangapi walikuwa na malaria? Hatukuweza kujua. Ndiyo ubaya wa kutoangalia, wanangu: hauachi hata alama. Nilimwona yule mzee analia, na alikuwa mtu wa kucheka.

Kisha akajipangusa, akasimama, akafungua kabati, akatoa ile hadubini ya zamani ya kioo. "Goti yangu haipande tena mulima," akasema. "Ya weye ingali mupya. Nenda uone ni nini ilipanda."

Jumapili alfajiri nikafunga hadubini kwenye kitenge, nikaiweka ndani ya kitunga pamoja na rangi, mafuta ya lenzi, vioo, sindano za vidole, na upawa mweupe wa supu kutoka jikoni kwangu. Mume wangu aliuliza kama naenda kupima damu au kupika. Nikamwambia vyote viwili.

Njia ile niliipita nikiwa msichana, chini ya mikaratusi, na ilikuwa lazima uvae sweta. Sasa nilitembea kati ya visiki. Saa tatu asubuhi nilikuwa ninatoka jasho, nikalivua sweta langu. Chini kidogo ya kanisa lao zamani palikuwa na kinamasi cha mafunjo. Maji yake yalikuwa baridi na ndege wanapiga kelele. Sasa mafunjo yote yalikuwa yameisha. Mahali pake palikuwa na mashimo ya udongo wa matofali, mengi, moja linalishika mkono jingine, na kila moja limejaa maji ya mvua. Pembeni zilikuwa tanuri za matofali, na hapo nikajua mikaratusi ilikwenda wapi. Nilitia mkono kwenye shimo. Maji yalikuwa vuguvugu, ya kumuogeshea mtoto.

Sasa sikilizeni, hili ni la kazi. Chota kwa upawa mweupe ili uone vizuri, na usiyatupie maji kivuli chako, maana watoto wa mbu wanazama. Watoto wa mbu wa kawaida wananing'inia kichwa chini. Watoto wa mbu wa malaria wanalala bapa juu ya maji, kama mtu anayeota jua. Nilichota mara moja, nikakuta sita wanaota jua.

Mama mmoja alikuwa anapita na kuni. Nikamuuliza: "Mama, hii mashimo ni ya nani?"

"Ya ba Bahati na benzake," akasema. "Bukavu inajengaka kila siku. Matofali yote inatoka hapa."

Nilikaa kwenye kisiki. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nikafanya kidogo kidogo vyote viwili. Bahati alikata miti iliyotia baridi kwenye mlima, akawachimbia mbu visima vya maji ya moto, kisha akamfukuza mke wake kwa sababu mbu walikubali mwaliko.

Katekista wao alikuwa mtu wa busara. Baada ya ibada alinipa meza yake, nikaiweka uwanjani mbele ya kanisa, jua likiwa zuri ajabu. Nikawaambia watu kwamba yeyote mwenye homa aje nimtoe tone moja, na kila mmoja nitamwambia la kwake sikioni. Wakaja. Wa mwisho alisukumwa mgongoni na mama yake. Alikuwa Bahati, amevaa sweta nzito saa sita mchana, midomo imekauka.

"Ni kazi tu, Maman," akasema bila kunitazama. "Kukanyanga udongo inachokesha."

Nikamchoma kidole. Kisha tukangoja damu ikauke, na mimi nikiwafukuza nzi kwa kitabu cha nyimbo. Kwaya ilituhurumia, ikarudia nyimbo zake zote. Nikatia rangi, nikasuuza, nikageuza kile kioo kidogo mpaka kikashika jua. Mikono yangu haikusahau. Na ndani yake, palepale, waliketi wageni wale wale niliowaona kwa mke wake.

Safari hii nilikuwa nimejifunza. Nilimwashiria asogee, nikashusha sauti mpaka chini kabisa. "Bahati," nikasema, "uko na malaria. Ile ile ya muke yako."

Yeye ndiye aliyepiga kelele. "Miye? Hapana, Maman! Siyashukaka! Ata siku moja! Niko hapa ku mashimo kila siku, ulizeni batu!"

Kwaya ikakata wimbo katikati. Kisha mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa upole: "Na weye ulishuka kwa nani?" Kicheko kilichotoka hapo, nadhani hata Kamituga walikisikia. Wanawake walishikana mabega. Bahati alisimama katikati, anatetemeka kwa homa na kwa aibu, anarudia tu: siyashukaka, siyashukaka.

Mama yake peke yake hakucheka. Alingoja kelele zipungue, akasema: "Ni vile vile na muke yako alisemaka."

Hapo nilimwona Nabintu. Alikuwa na wazazi wake karibu na ukuta, amekonda, kitenge kimefungwa vizuri. Nilifikiri ataenda kwa Bahati. Alikuja kwangu, akasimama mbele ya meza.

"Maman Labo," akasema, "siku ya miye uliongea nguvu. Leo juu ya nini unaongea polepole?"

Nimewahi kuchomwa na sindano nyingi kazini. Hiyo ndiyo iliyoingia kabisa. Nilianza kumwambia kwamba siri ya mgonjwa ni kitu kikubwa, kwamba nimejifunza, kwamba nasikitika. Akatikisa kichwa. "Ulinichafua na ile sauti. Unisafishe na ile ile."

Basi nikapanda juu ya kiti cha katekista, mimi na unene wangu, na kiti kikalia. Nikapiga kelele, nadhani ndege wa mwisho wa kinamasi waliruka:

"Batu ya Mungu! Miye njo Maman Labo! Nilisemaka Nabintu alishuka. Nilikosea! Alikuya na malaria, nikakatala kuiangalia. Nikaiona, nikamuita muongo. Hakushuka! Ni mbu njo balipanda!"

Mama mmoja akapiga vigelegele. Baba yake Nabintu alikuja akanishika mkono kunisaidia kushuka. Nililia mbele ya watu wote, na sikujificha.

Bahati alimeza dawa, akapona. Alipopona akaenda kwa wakwe zake na jogoo na maneno matamu, akaomba msamaha, akaomba mke arudi. Nabintu alipokea jogoo. Kuhusu kurudi akasema: "Siku mashimo itajaa udongo, nitarudia." Bahati akadhani ni maneno ya hasira yatapita. Hayakupita. Kiangazi chote alijaza mashimo kwa vifusi na udongo, shimo moja baada ya jingine, wenzake wakimcheka, mpaka mmoja wao naye akashikwa na homa, akaja na koleo. Wakapatana kwamba anayefungua shimo jipya anafunga kwanza la zamani na kupanda miti. Mikaratusi ile haikurudi kwa siku moja, na baadhi ya wachimbaji walidanganya, kama watu. Lakini walianza.

Na mkaguzi alikuwa Nabintu. Alinifuata kwa miguu mpaka labo kuazima upawa wangu. Alichota mwenyewe kila mahali palipobaki maji, akainamia, akatazama kama ninavyowaambia nyinyi, bila kuyatupia maji kivuli. Siku aliyochota mara ishirini bila kuona hata mmoja anayeota jua, alibeba vitu vyake akarudi kwake. Kabla ya kuweka kitenge chini aliuliza chandarua kiko wapi. Upawa hakunirudishia mpaka leo. Nilinunua mwingine.

Siku iliyofuata Jumapili ile, Papa Birindwa alichukua kalamu nyekundu, akaikata herufi S kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, karatasi aliyoiandika mwenyewe akiwa kijana. Alikata mara moja, akarudi akakata tena. Baadaye vikaja vipimo vya haraka, tone moja, mistari miwili, dakika chache tu. Vizuri sana, nawaonea wivu. Lakini kipimo hakiulizi kwa nini watu wa mlima mmoja wanaumwa pamoja. Hilo ni la kwenu, na linahitaji miguu na upawa. Milima mingine inakatwa leo, mvua zinakuja siku zisizo zao, na kuna watoto wa mbu mahali ambapo Papa Birindwa angeapa kwa Biblia kwamba hawawezi kufika.

Siku ya kuniaga kazini walikuja watu wengi, na hotuba ndefu. Nabintu alifika mwisho, na mtoto wa pili mgongoni, kitunga kichwani. Alipokaribia labo, akasema kwa sauti ya nguvu, ili benchi lote lisikie: "Siyashukaka!" Ndiyo salamu yake kwangu mpaka leo. Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Kisha akashusha kitunga, akatoa tofali moja, jekundu, limechomwa vizuri. Akasema ni la mwisho kutoka shimo la mwisho la Bahati. Nikamuuliza nitajenga nini na tofali moja.

Alinivuta mkono tukaingia labo, akausukuma ule mlango mpaka ukafunga, akainama akaliweka tofali chini, likaubana. Tukangoja wote wawili, tukiutazama. Mlango haukufunguka.